Ijue Hesabu ya Konda

Ukiuliza njia ya kutoka Mbagala kwenda Mikocheni, au Gongo la Mboto kwenda Masaki, utaelekezwa kwa majina ya vituo: panda hili, shuka pale, vuka barabara, panda lile. Maelekezo hayo ni sahihi na bado hayatakufikisha kazini saa mbili. Kwenye ramani Dar es Salaam haina utata mkubwa. Barabara kuu nne, Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, zinatoka katikati ya mji kwenda pembezoni. Kawawa, na Mandela inayoendelea hadi Sam Nujoma, zinazikata kwa upande. Mgeni hujifunza hayo kwa wiki moja. Kinachomchukua miaka ni kuelewa kwa nini gari analolingoja linampita limejaa, kwa nini lile lenye nafasi limeng'ang'ania stendi halitoki, na kwa nini jioni konda anatangaza "mwisho Banana" ilhali gari limeandikwa Gongo la Mboto. Mambo hayo matatu yana chanzo kimoja. Daladala huendeshwa kwa hesabu, ratiba haina nafasi ndani yake, na mwongozo huu unashikilia kwamba abiria anayeijua hesabu hiyo husafiri vizuri kuliko anayejua njia peke yake.

Kwa lugha ya stendi, hesabu ni fedha ambayo dereva na konda wanatakiwa kumpelekea mwenye gari kila siku. Mafuta ni juu yao. Kikibaki kitu baada ya hapo ndicho chao. Kisipobaki, wameshinda barabarani bure. Mpango huu una historia. UDA, shirika la umma la usafiri wa jiji, lilianzishwa mwaka 1974, baada ya kampuni ya zamani ya mabasi, DMT, kutaifishwa na kugawanywa, lakini mji ulilizidi nguvu, na mwaka 1983 Serikali ikayaruhusu mabasi ya watu binafsi yaliyokuwa yakibeba abiria kinyume cha sheria. Tangu hapo safari nyingi za jiji zimekuwa mikononi mwa wenye magari wanaoyakabidhi kwa hesabu kwa vijana ambao wengi wao hawana mkataba wa maandishi, hali ambayo mtafiti Matteo Rizzo ameieleza kwa kina katika kitabu alichokichapisha mwaka 2017. Kwa abiria, jambo la kushika ni hili: ndani ya gari lile hakuna anayelipwa kwa sababu amekuwahisha. Dereva analipwa na siti iliyokaliwa, na anafurahi zaidi siti moja ikikaliwa mara mbili katika safari moja. Anayepanda Buguruni na kushuka Ubungo analipa nauli ya umbali mfupi, kisha siti yake inauzwa tena. Anayekaa kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Makumbusho analipa zaidi kidogo tu, kwa sababu nauli zinazopangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hazipandi kwa kasi ileile ya kilomita, na siti ameishikilia safari nzima. Karibu kila usumbufu utakaokutana nao unaanzia hapo.

Kwanza kabisa, gari hujazwa linapoanzia. Kuondoka na siti tupu ni kuchoma mafuta kwa matumaini, kwa hiyo asubuhi konda atasubiri mpaka leveli siti, na mara nyingi mpaka wa kusimama nao wawepo. Matokeo yake ni kwamba kituo kilicho katikati ya ruti, hata kama kiko karibu zaidi na kazini kwako, ndicho kibaya kuliko vyote. Magari yanapita mbele yako mengi, na hayakufai. Kwa hiyo usitafute kituo kilicho karibu na mlango wako. Tafuta mahali gari linapoanzia, kisha jiulize utafikaje pale. Ukiwa na fedha kidogo ya bodaboda au bajaji kwa wiki, itumie asubuhi kurudi nyuma hadi stendi ya kuanzia, usiitumie kusogea mbele kuelekea kazini. Ukiwa huna, tembea vituo viwili au vitatu kuelekea kule magari yanakotoka. Watu huona aibu kutembea kinyume na wanakokwenda, lakini konda hana kumbukumbu ya heshima yako, ana nafasi au hana.

Njia ya tatu ni kugeuza. Unalidaka gari likiwa linaelekea mwisho wa ruti likiwa na watu wachache, unakaa, linafika mwisho, wengine wanashuka, linageuka nawe ukiwa umeshika siti. Utalipa mara mbili, na konda ana haki ya kukudai kwa kuwa siti uliikalia pande zote. Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapotokea, na ni la haki: mwenye mshahara mdogo hawezi kulipa nauli ya ziada kila siku, achilia mbali bodaboda. Lakini kugeuza hakulazimiki kuwa kwa kila siku. Ni dawa ya siku ambazo kuchelewa kuna gharama: siku ya usaili, ya kliniki, ya mwisho wa mwezi. Kwa siku nyingine kutembea kunatosha, nako hakuna nauli. Aliye na nauli mbili tu za siku, kwenda na kurudi, atafaidika zaidi na muda wa kutoka nyumbani.

Kuhusu muda, kosa la kawaida ni kupanga safari kwa wastani. Mtu anasema, "Kutoka Kinyerezi mpaka Posta ni saa moja na robo," naye anamaanisha siku nzuri. Bosi wake hakumbuki siku nzuri. Anakumbuka Jumatatu ile aliyoingia saa tatu kasorobo. Kwa wiki mbili andika saa uliyofika kituoni, saa uliyopanda na saa uliyoshuka, vitu vitatu tu. Kisha achana na wastani, itazame siku mbaya kuliko zote na ile inayoifuata kwa ubaya. Ratiba yako ijengwe juu ya hiyo ya pili. Ukijenga juu ya mbaya kabisa utaamka usiku wa manane bila sababu. Ukijenga juu ya wastani utachelewa mara nyingi mno. Daftari hilo litakuonyesha jambo jingine pia, kwamba tofauti kati ya siku na siku inatokana zaidi na kituoni kuliko barabarani. Foleni ya asubuhi, kwa ubaya wake, inajirudia karibu vilevile. Usichoweza kukijua ni utapata gari la ngapi. Ndiyo maana kuwahi kwa dakika 20 kunaweza kukuokolea zaidi ya dakika 20: unafika stendi kabla ya wimbi la watu, unapanda gari la kwanza badala ya la nne.

Kuna hesabu nyingine hapa ambayo haihusu fedha. Chukua ruti yenye magari 6 kwa saa. Yakija kila baada ya dakika 10 kamili, anayefika kituoni bila kupanga atangoja dakika 5 kwa wastani. Yakija mawili mawili kila baada ya dakika 20, magari ni yaleyale 6, lakini wastani wa kungoja unakuwa dakika 10. Na yatakuja mawili mawili, hata madereva wakiwa waungwana. Gari lililochelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituoni, linachukua muda kuwapakia, linazidi kuchelewa. La nyuma yake linakuta kituo kimefagiliwa, linapita haraka, linalifikia. Hali hii inajulikana kwa mabasi duniani kote, ila hapa kwetu hesabu inaichochea, maana wa nyuma anataka kumpita wa mbele ili awahi abiria wa kituo kinachofuata. Ushauri unaotokana na hili ni mfupi. Ukiona magari mawili ya ruti yako yamefuatana, waache wanaogombania la kwanza, panda la pili. Lina nafasi, na mara nyingi litafika mbele. Umati ukilipigania la mbele mpaka kupitia madirishani, dakika zako za kusogea hatua kumi nyuma hazikupotea.

Hapo msomaji wa Kimara atasema kwamba yote haya ni habari za zamani, kwa sababu mwendokasi upo. Tangu Mei 2016, mabasi ya awamu ya kwanza yamekuwa na njia yao wenyewe kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Gerezani na Morocco, mradi wa kilomita 21 hivi, na barabara nyingine kuu zimefuata kujengewa njia za aina hiyo. Ni kweli kwamba njia hiyo inaondoa foleni, na ni kweli kwamba dereva wa mwendokasi hapeleki hesabu kwa mtu jioni. Lakini tazama kinachobaki. Mabasi yakiwa machache kuliko watu, basi linaloanzia Kimara linajaa Kimara, na wa Shekilango, Manzese na Magomeni wanabaki kwenye jukwaa wakilitazama likipita katika njia safi isiyo na gari lingine. Kungoja kumehama kutoka barabarani kwenda kituoni. Kanuni ya kupanda linapoanzia inakuwa na nguvu zaidi huko, kwa sababu mwendokasi haukatishi ruti na hauna siti nyingi za kuuza mara mbili. Jioni Kivukoni na Gerezani ndizo Kimara yako: anayefanya kazi karibu na Faya akitembea kurudi Gerezani anaweza kukaa, wakati aliyesimama pale pale anapitwa. Kama basi linaanza tupu kutoka kituo cha katikati kwa huduma fulani, ulizia saa zake na uzishike.

Sasa tuje kwa anayekatiza jiji, ambaye maisha yake ni magumu kuliko ya anayekwenda mjini tu. Barabara kuu zilijengwa kuelekea katikati, lakini ajira nyingi zimehamia Mwenge, Makumbusho, Mikocheni na Masaki. Yuko njia panda ya maamuzi mawili: gari moja la moja kwa moja, au mawili ya kuunganisha. Wengi wanapenda la moja kwa moja kwa kuwa nauli ni ndogo na siti ikipatikana imepatikana. Kwa asubuhi, ukiwa umeanzia stendi, hilo ni sahihi kabisa. Kwa jioni mizani inabadilika. Ruti ndefu ndiyo inayokatishwa, kwa sababu niliyoitaja: konda akiigawa vipande viwili anauza umbali uleule kwa nauli mbili. Anakushusha katikati, anageuza kuwahi umati aliouacha, nawe unalipa upya kwa gari jingine. Kukatisha ruti ni kosa kwa masharti ya leseni, na LATRA hupokea malalamiko, lakini lalamiko halikufikishi nyumbani usiku huo. Kwa hiyo uliza kabla ya kukanyaga ngazi, kwa sauti ambayo wengine wataisikia: "Mnafika mwisho?" Jibu la konda mbele ya mashahidi lina uzito zaidi kidogo kuliko la kunong'onezwa. Usiwe na haraka ya kulipa. Nauli hukusanywa njiani, na aliyeishikilia nauli yake mpaka gari lipite mahali panapozoeleka kukatishwa ana cha kujadiliana. Ukishushwa kabla, dai chenji ya kipande kilichobaki au daini kwa pamoja mfaulishwe kwenye gari jingine bila kulipa tena. Mmoja akidai ni mkorofi, kumi wakidai konda anatafuta gari.

Kuunganisha kunafaa pale kituo cha kubadilishia ni stendi ya kuanzia na si kando ya barabara. Shuka Simu 2000, Makumbusho, Kariakoo au Mbezi, mahali gari la pili linapoanzia, na utakuwa umeshinda mara mbili. Ukishuka kituo cha njiani kwa sababu tu mstari wa ramani ni mfupi pale, umejiongezea kungoja kubaya kwenye safari ambayo tayari ina kungoja kumoja. Tofauti ya nauli ipo, siifichi. Ipime dhidi ya daftari lako la wiki mbili: kama la moja kwa moja linakatishwa jioni mara nyingi, basi tayari unalipa nauli mbili, tena bila siti.

Mvua inahitaji aya yake. Mto Msimbazi unatoka upande wa vilima vya Kisarawe, unalikata jiji na kuingia baharini kwenye daraja la Selander. Barabara ya Morogoro inauvuka Jangwani, mahali palipo chini kiasi kwamba mvua kubwa ya masika, kati ya Machi na Mei, au ya vuli, huifunga kabisa. Karakana ya mwendokasi iliyojengwa bondeni hapohapo imefurikwa zaidi ya mara moja. Daraja jipya la Jangwani ni sehemu ya mradi wa bonde la Msimbazi unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa abiria, swali la kujiuliza mapema, jua likiwa linawaka, ni kama nyumba na kazi viko upande mmoja wa mto au la. Kama haviko, jua njia mbili za kuuvuka mbali na Jangwani: ya pwani, kupitia Barabara ya Ali Hassan Mwinyi au daraja la Tanzanite, na ya juu kwa Mandela. Na hapa tena hesabu inasema. Siku ya mafuriko gari linalozoea safari sita litafanya mbili au tatu kwa mafuta yaleyale, kwa hiyo madereva wengi hupaki na kulala. Usiseme "wakishamaliza foleni watarudi". Mvua ikinyesha usiku kucha, toka alfajiri kabla madereva hawajakata tamaa, au, kama kazi inaruhusu, subiri mpaka saa nne. Katikati ya hapo ndipo watu hukaa barabarani saa nne nzima.

Ya ndani ya gari si mengi. Nauli kamili mkononi, noti kubwa asubuhi ni kutafuta ugomvi. Simu isiwe dirishani, vibaka wa pikipiki wanaisubiri gari likisimama kwenye foleni. Na msongamano wa mlangoni ndio wenye mikono mingi, kwa hiyo begi mbele, kifuani. Mwenye safari ndefu aingie nyuma kabisa, mwenye fupi abaki karibu na mlango, na asiyejali hilo ndiye anayesababisha gari zima lingoje akitoa miguu. Mwanafunzi ni suala zito zaidi. Nauli yake ni sehemu ndogo ya nauli ya mtu mzima, kwa hiyo kwa konda kila mwanafunzi aliyepanda saa kumi na mbili na nusu ni siti iliyouzwa kwa hasara, na ukali anaoonyeshwa mtoto mlangoni unatoka hapo, ingawa haukubaliki. Mzazi anayemwandikisha mtoto shule ya ng'ambo ya jiji bila gari la shule anamwachia mtoto huyo ugomvi ambao watu wazima wameshindwa kuumaliza.

Kuna pingamizi kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba mwongozo wa aina hii unamfundisha abiria kuzoea udhia badala ya kuudai uondoke. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa una watu 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na hakuna ujanja wa kugeuza utakaowatosha. Nakubali. Wote wakitembea kurudi stendi ya kuanzia, stendi itajaa, na faida ya mmoja inakuwa hasara ya mwenzake. Kinachohitajika ni mabasi mengi zaidi, dereva anayelipwa mshahara badala ya kubaki na chenji ya hesabu, na waajiri wanaokubali wafanyakazi waingie kwa saa tofauti. Lakini naona pingamizi hilo linakosea kwa kudhani kwamba kuelewa na kudai vinapingana. Anayeamini kwamba konda ni mtu mbaya tu atadai konda apigwe faini, na faini hiyo itatafutwa kwa kujaza watu zaidi. Anayeijua hesabu anajua wa kumdai ni nani: aliyeweka mpango ambao ndani yake hakuna anayelipwa kwa kufika.

Nimeacha mwisho uamuzi unaozidi mingine yote, kwa sababu wengi huufanya bila kufikiria daladala kabisa: mahali pa kupanga. Dalali atakuonyesha chumba Jumamosi mchana na kukwambia kituo kiko hatua chache. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita. Kabla hujatoa fedha, nenda kwenye kituo hicho Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usimame kama anayekwenda kazini. Angalia magari mangapi yanasimama kwa kweli na mangapi yanapunguza mwendo tu. Tazama wanaopanda wanakaa au wananing'inia. Rudi siku nyingine saa mbili usiku uone yanakatishwa wapi. Kisha fananisha na chumba kilichoko mbali zaidi, karibu na mwisho wa ruti, ambacho kwa kawaida kodi yake ni ndogo. Kilomita nne za ziada ukiwa umekaa, gari likianzia mlangoni pako, hazilingani na kilomita nne pungufu ukiwa umesimama kituoni. Na kama kazi yako iko ng'ambo, hakikisha ruti inayoanzia hapo inakwenda huko moja kwa moja, kwa maana mkataba wa pango ukishasainiwa, hesabu ya konda wa kituo hicho itakuwa yako kwa miezi sita.